Jina Linalofunga Wimbo

Mimi ni mtu wa kusahihisha. Nimefundisha shule ya msingi mjini Dodoma tangu nikiwa msichana mpaka nikastaafu, na mazoea ya darasani sikuyaacha darasani. Nimewasahihisha makonda, mashemeji, shehe mmoja na mchungaji mmoja. Wanangu wanasema nimepoteza marafiki wengi kwa tabia hiyo, na pengine ni kweli. Lakini katika mambo yote niliyowahi kuyang'ang'ania, lipo moja nisilolijutia hata kidogo, nalo ni mstari wa mwisho wa wimbo wa mwanamke mmoja wa kwetu Busi, milimani Kondoa.

Nilimwita shangazi, kama tulivyowaita wanawake wote wa ukoo wa baba. Aliolewa akiwa binti, miaka ikapita bila mtoto, mume akamwacha, akarudi kwao. Kaka yake alimpa chumba pembeni ya nyumba yake. Kaka akafariki, watoto wa kaka wakahamia mijini kutafuta maisha, naye akabaki peke yake na kuku wake na shamba la ulezi. Kwetu mwanamke akishazaa, jina lake la usichana linapumzika. Anaitwa mama wa fulani mpaka siku anayozikwa. Shangazi alibaki na jina alilopewa na baba yake. Wanawake wenzake walilitamka harakaharaka, kama watu wanaopita mlangoni pa mgonjwa, na hata nilipokuwa mtoto niliona kwamba haraka ile ilimuuma.

Ila akishika sinia, hakuna aliyekuwa na haraka. Lilikuwa sinia la kawaida la kupakulia wali, limebonyea upande mmoja, na alilipiga kwa bangili yake ya shaba na ncha za vidole. Wapiga sinia walikuwa wengi; kila harusi ya milimani ilikuwa na wapigaji wake. Hao wengine walijaza kila upenyo kwa kelele ili wachezaji wasipoe. Yeye alifanya kinyume. Katikati ya wimbo, pale ambapo ngoma imeshakolea, alilibana sinia kifuani, likanyamaza, na sauti yake ikabaki peke yake uwanjani, nyembamba, kavu kidogo, haina madoido. Waliomsikia kwa mara ya kwanza walidhani amesahau. Kisha mtu anagundua kwamba ameacha kucheza na anasikiliza maneno. Hapo ndipo shangazi alipokuwa anakutaka.

Alitunga akitembea. Siku ya mnada alitangulia na mzigo wa ulezi kichwani, na wenzake wa njiani walijua wasimsemeshe. Unamsikia ananung'unika, anarudia neno moja, analitupa, anaokota jingine. Mpaka mnafika kwenye mabanda ya mitumba, wimbo umeshapata miguu, na wauza mitumba ndio waliokuwa wa kwanza kuusikia. Wakicheka mahali asipotaka wacheke, alirudi nao nyumbani akiurekebisha njia nzima. Nimekutana na watunzi wengi tangu wakati ule, wenye vyeti na wenye vyombo vya umeme, na sijamwona aliyeyafanyia maneno yake ukali kama ule.

Wala hakuimba mambo yaliyokwisha kuimbwa. Wengine walimsifu bwana harusi na kumsihi bibi harusi avumilie. Yeye aliimba habari za mzee aliyeendelea kuwapigia mluzi ng'ombe miaka mingi baada ya mifugo kuamriwa iondoke milimani ili udongo upone. Ikaja ile miaka ya ruksa, biashara ikafunguliwa, malori ya wafanyabiashara yakaanza kupanda mpaka kwetu kununua mahindi, naye akamwimba mume aliyeuza ghala zima akanunua redio, akawakataza majirani kuisikiliza, kisha wakati wa njaa akaenda kwao kuomba unga akiwa ameibeba redio ile ile ili awaburudishe wakati wanampimia. Mume mwenyewe alikuwepo uwanjani. Alicheka mpaka akatoa machozi, na nadhani si machozi yote yaliyokuwa ya kicheko.

Wimbo wake mkubwa ulikuja na mashine ya kusaga. Mfanyabiashara mmoja wa mjini aliileta, akaifunga bondeni, na wanawake tukashangilia, mimi nikiwa mstari wa mbele, maana viganja vyangu vilikuwa na malengelenge ya mchi tangu nipate akili. Yeye pia alishangilia. Alipeleka ulezi wake kama sisi. Lakini muda si mrefu baadaye, kwenye harusi ya dada yangu, alilipiga sinia taratibu kuliko kawaida yake, akatoa wimbo ambao hatukuwahi kuusikia. Aliuimba kwa Kirangi, kisha akauimba kwa Kiswahili kwa ajili ya wageni wa upande wa bwana harusi:

Mchi ulipolia, jirani alisema, ameamka.
Mchi umenyamaza, jirani aseme nini?
Kuku ametagia kinuni, nami namtazama.
Nani atajua niko? Nani atajua niko?

Asiyewahi kulala kijijini enzi za kinu inabidi aelezwe. Alfajiri kila mwanamke alikuwa na mpigo wake wa kutwanga. Mama yangu, bila kutoka kitandani, alijua fulani amepona homa, fulani amegombana na mumewe, fulani leo ana cha kupika. Mashine iliipumzisha mikono yetu, ikaondoka na taarifa ile ya kila asubuhi. Wenye watoto hawakuona pengo, maana nyumba yenye watoto hainyamazi. Aliyeishi peke yake aliliona.

Baada ya swali lile la mwisho alilibana sinia, kukawa kimya, halafu akaufunga wimbo. Kufunga wimbo ni desturi ya wanawake wa kwetu. Mwishoni anatajwa aliyeutunga: jina lake, jina la baba yake, na mlima anakotoka. Ukiuimba wimbo wa mwenzako, unaufunga kwa jina lake yeye. Ukiweka lako, watu wanakutazama kama umevaa nguo iliyoanikwa kwa jirani. Katika nyimbo nyingine kufunga kulikuwa heshima tu kwa mtunzi. Katika wimbo wa kinu ndiko kulikokuwa jibu lenyewe. Nani atajua niko? Niko. Ni mimi fulani, binti fulani, wa mlima wa Busi. Uwanja mzima ukaitikia kwa vigelegele, na mimi nikalia waziwazi mbele ya mashemeji zangu.

Jina lenyewe siliandiki hapa. Nilipomwomba ruhusa, miaka ya baadaye, alikataa katakata. “Ukiliandika watalisoma kimoyomoyo,” alisema. “Jina langu liacheni midomoni.” Kwa hiyo anayelitaka atafute harusi.

Wimbo ule uliibadilisha Busi kidogo. Asubuhi iliyofuata harusi, jirani yake alipita akienda kisimani, akagonga mlango wa shangazi, akauliza, “Uko?” Naye akajibu kutoka ndani, “Niko.” Kesho yake akapita mwingine. Hapakuwa na kikao wala tangazo. Ikawa tu kwamba kila asubuhi mtu anagonga.

Nilipomaliza chuo cha ualimu nilipangiwa shule Dodoma mjini, nikapata chumba Area D, katikati ya watumishi wa serikali waliotoka kila kona ya nchi. Upande mmoja walikaa Wahaya, upande wa pili Wapare, na mbele yetu familia ya karani wa Bunge. Tulialikana Krismasi na Idi, na watoto walikula popote walipokuta sufuria imeepuliwa. Maduka yalikuwa yameanza kujaa sabuni za rangi na vitambaa vya nje, na akina mama wa maofisini walikuwa wameanzisha mtindo mpya wa kicheni pati. Wanamkusanyia bibi harusi vyombo, wanamfunda, wanacheza mchana kutwa.

Jumamosi moja nilikuwa barazani nasahihisha madaftari, nikasikia wimbo wa kinu kutoka uani kwa jirani. Madaftari niliyaacha hapo hapo nikaenda, na ndala zangu za bafuni miguuni. Kikundi cha akina mama waliovaa sare za kitenge kilikuwa katikati ya ua, kikiongozwa na mwanamke mnene mwenye sauti ya kutosha mitaa miwili. Aliimba vizuri, lazima nikubali. Alijua hata kulibana sinia. Swali likaulizwa, kimya kikatanda, na mimi nikajikuta nimeshika ukuta nikingoja jina la shangazi yangu litamkwe mjini. Akafunga: “Niko. Ni mimi mama wa,” na hapo akataja jina la bibi harusi.

Vigelegele vililipuka. Mama mwenye shughuli akainuka, akatunzwa, akapunga kitambaa. Mimi nilianza kukasirika, na hasira yenyewe iliendelea kukua hata baada ya wenzangu kuanza kula pilau.

Nilimfuata kiongozi wa kikundi alipokuwa anakunywa soda.

“Dada, hongera, mmeimba vizuri. Lakini mwisho mmekosea.”

“Tumekosea wapi tena?”

“Pale panatajwa mtunzi. Ninyi mmemtaja mama wa bibi harusi.”

Akanitazama kwa huruma. “Mwalimu, huu ni wimbo wa asili. Nyimbo za asili hazina mwenyewe.”

“Huu anaye. Yu hai, yuko Busi, anakula ugali.”

“Basi msalimie,” alisema, na wenzake wakacheka.

Baadaye nilielewa walivyofika pale. Wauza alizeti kutoka Kondoa walikuwa na kanda iliyorekodiwa kwenye harusi moja ya kwetu, na kanda hiyo ikarekodiwa tena na tena mpaka ikafika Area D. Mwishoni mwa wimbo walisikia jina la mwanamke. Mjini, mwanamke anayetajwa kwa sauti kubwa harusini ni mwenye shughuli. Wakaamua ndiye huyo, na kila walipoalikwa kwingine wakaweka mama mwingine. Walifanya hivyo kwa nia njema, tena kwa adabu, na hilo ndilo lililonikera zaidi, maana ni vigumu kumgombeza mtu mwenye adabu.

Hata hivyo nilijaribu. Kila shughuli niliyoalikwa nilingoja wimbo wa kinu, na ukishafungwa vibaya nasimama kueleza. Watoto wa mtaani wakanibatiza Mwalimu Kinu. Mialiko ikapungua, halafu ikakoma. Siku moja kiongozi wa kikundi alinisimamisha sokoni, akaniambia kwa upole kabisa, “Mwalimu, mimi sikatai. Lakini nikitaja mtu asiyejulikana, mwenye shughuli atauliza huyo ni nani, kafuata nini kwenye harusi ya mwanangu. Nitamjibu nini? Hata mimi simjui.” Alikuwa na haki. Jina lisilo na mtu nyuma yake halina nguvu, na mimi kwa muda wote ule nilikuwa nimewaletea maneno matupu. Nikaamua hapo hapo, na kikapu cha nyanya mkononi, kwamba nitamleta mwenyewe.

Shule zilipofungwa nikapanda kwenda Busi. Nilimkuta ameketi kivulini kwa ukuta wake, anapeta ulezi kwenye ungo.

“Shikamoo, shangazi.”

“Marahaba, mwanangu. Mjini wamekukondesha.”

Nikamweleza. Kwanza alifurahi, akataka kujua wanalipiga vipi sinia, kama wanajua mahali pa kulibana, kama watu wa mjini wanacheka au wanalia. Kisha akauliza, “Wanaufunga kwa nani?”

“Kwa mama wa bibi harusi.”

“Mama yupi?”

“Kila harusi na mama wake.”

Ungo ukasimama. “Kila harusi mama?”

“Ndiyo, shangazi.”

“Basi mimi sipo,” akasema.

Hakulalamika. Aliendelea kupeta kwa muda, makapi yakapeperuka, kuku wakaja. Halafu akasema maneno ambayo mpaka leo nayasikia kwa sauti yake: “Mwanangu, nikifa hakuna atakayeitwa mtoto wa fulani. Changu ni pale mwisho tu.” Akauweka ungo chini, akapangusa mikono. “Harusi nyingine ni lini?”

Ilikuwa ni ya binti wa karani wa Bunge. Mama wa bibi harusi alinialika kwa shingo upande baada ya kuniapisha kwamba sitasema neno lolote kuhusu wimbo wowote. Niliapa. Sikumwambia kwamba ningekuja na mgeni.

Shangazi alishuka kwenye basi la Kondoa vumbi limembadilisha rangi, sinia lake amelifunga ndani ya khanga. Alioga, akajitanda khanga mpya, akala kidogo sana. Kule uani alichagua kukaa nyuma kabisa, karibu na masufuria, na kwa muda mrefu hakuna aliyemtazama mara mbili. Viti vilijaa, vyombo vya zawadi vimepangwa juu ya mkeka, chupa za chai zenye maua, majiko, vikapu. Mimi nilikuwa nimekaa karibu naye.

Wimbo wa kinu ulipoanza, niliona vidole vyake vikitembea juu ya goti. Kiongozi aliimba beti zote. Alipofika kwenye swali akalibana sinia, ua ukatulia, mama wa bibi harusi akainua kitambaa chake tayari. Na kabla kiongozi hajavuta pumzi ya kufunga, sauti nyembamba na kavu ikafunga kutoka kwenye masufuria. Jina, baba, mlima.

Hakuna aliyepiga kigelegele. Vichwa vyote viligeuka. Kitambaa cha mama wa bibi harusi kilibaki hewani.

“Huyo ni nani anayejitaja kwenye shughuli yangu?” aliuliza.

Kiongozi wa kikundi, na adabu yake ile ile, akasogea. “Samahani, mama. Mama nani?”

“Mimi si mama nani,” shangazi akajibu. “Sikuzaa. Naitwa hilo nililosema.”

Katika ua ule uliojaa akina mama, jibu lile lilimfanya kila mtu atazame chini. Kiapo changu kikaniponyoka. Nikasimama nikapaza sauti kwamba huyu ndiye mtunzi, ndiye mwenye wimbo mnaouchezea kila Jumamosi, na kwamba mnamfuta kila mnapofungua midomo. Ningeendelea. Nilikuwa na mengi. Lakini shangazi aliniinulia kiganja.

“Kaa, mwalimu.”

Nikakaa. Watu walioniambia hivyo na nikatii ni wachache mno.

Akamgeukia mama wa bibi harusi. “Na wewe, mwenzangu, mama nani?”

Mama yule akataja jina la binti yake, amekaza uso. Shangazi akalifungua sinia kutoka kwenye khanga, akaligusa kwa bangili, akaanza kunung'unika. Niliyajua manung'uniko yale. Ndiyo niliyokuwa nikiyasikia njia nzima ya mnadani, neno linatupwa, jingine linaokotwa, isipokuwa safari hii hapakuwa na njia ndefu ya kutembea. Palikuwa na ua uliojaa wanawake wanaosubiri, na mwenye shughuli aliyenuna. Kisha akainua kichwa:

Mama mwenye shughuli, nakupa ubeti wako,
Keti ndani ya wimbo, miguu uinyooshe.
Umelea, umechoka, leo kula na kucheka,
Ila mlango nitafunga mimi niliyejenga.

Aliyecheka wa kwanza ni mama wa bibi harusi mwenyewe. Alicheka akajipiga paja, kisha akakaa kitini akanyoosha miguu kama alivyoambiwa, na ua mzima ukaangua kicheko pamoja naye. Shangazi akawaacha wacheke. Akaurudia ubeti ule, mara hii akiweka ndani yake jina la bibi harusi, watu wakaanza kumtunza mama. Halafu polepole akawarudisha kwenye mchi ulionyamaza na kuku aliyetagia kinuni, na kicheko kikaisha chenyewe. Nani atajua niko? Akalibana sinia. Alikaa kimya muda mrefu kuliko nilivyowahi kumsikia akikaa, na nilidhani kweli amesahau. Akafunga. Safari hii waliitikia, na vigelegele vilivuka ukuta mpaka watu wa barabarani wakachungulia getini.

Kiongozi alikuja akapiga goti mbele ya kiti chake. “Lirudie hilo jina, mama, nilishike vizuri.” Shangazi akalirudia taratibu, na yeye akalifuata, jina, baba, mlima, akikosea matamshi ya Kirangi na kurudia mpaka shangazi akaridhika. Nilikuwa na furaha kiasi kwamba niliingia jikoni nikaosha vyombo visivyonihusu.

Mambo hayakunyooka siku ile moja. Kanda zenye majina ya mama wengine ziliendelea kuuzwa stendi. Mtangazaji mmoja wa redio aliupiga wimbo akasema ni wa asili wa Kanda ya Kati, nami nikamsubiri getini kwao mpaka akatoka kwenda kula. Mara ya pili alisema sawasawa, ingawa kwa sauti ya mtu anayetishwa. Lakini kazi kubwa hakuifanya mwalimu mbishi. Ubeti wa mama ndio ulioifanya. Akina mama waliupenda kupita kiasi, kila mwenye shughuli akautaka, na popote ulipoimbwa ulibeba ule mstari wake wa mwisho, kwamba mlango atafunga aliyejenga. Ukishaimba hivyo huwezi kumtaja mtu mwingine bila kuona haya. Shangazi alijua alichokuwa anafanya. Alikuwa na dakika chache tu, kati ya mwenye shughuli aliyenuna na mwalimu anayefoka, akatunga ubeti unaomlinda mpaka leo.

Na wengine wakajifunza kwake bila kumwona. Kijana mmoja mpiga gitaa kwenye baa ya karibu na stendi alianza kunyamazisha bendi nzima kabla ya mstari wa mwisho. Nilipomuuliza amejifunza wapi, alisema kwa mama yake, na mama yake kwa kikundi chetu cha Area D. Kwaya ya kanisa la mtaani kwetu ikaanza kumtaja mwalimu wake anayetunga, mwishoni, kwa sauti moja, jambo lililowapa wazee wa kanisa la kujadili. Wanafunzi wangu nao niliwatungisha. Kila darasa lilitunga nyimbo zake za mvua, za uji wa shule, za mwalimu mkuu, na hakuna aliyekaa chini bila kufunga kwa jina lake, la mzazi wake na la mtaa wake. Wengine walikuwa na aibu ya kujitaja. Niliwasimamisha mpaka wakajitaja.

Shangazi alifariki Busi, nyumbani kwake. Jirani aliyekuwa na zamu asubuhi ile aligonga mlango akauliza kama kawaida, “Uko?” Hakujibiwa. Kwa hiyo ilijulikana alfajiri ile ile, na mpaka jua linakuwa kali njia zote za milimani zilikuwa na watu wanaokwenda kwake. Nililia sana, na sikumsahihisha mtu yeyote siku hiyo.

Siku hizi sialikwi kwa ubishi wangu tena. Naalikwa kwa sababu ni mzee. Hivi karibuni nilikuwa kwenye harusi ya binti wa watumishi wa zile ofisi mpya za serikali kule Mtumba. Walioimba walikuwa wasichana wa chuo, wenye kucha za rangi na simu mikononi, ambao naamini hakuna hata mmoja aliyewahi kuona mtu akitwanga kinuni alfajiri. Waliimba wimbo wa kinu. Wakampa mama ubeti wake, akanyoosha miguu. Wakafika kwenye swali, wakanyamaza mpaka nikasikia majani ya mti wa nje, wakafunga: jina, baba, mlima. Walilitamka vizuri kuliko nilivyowahi kulisikia mjini.

Shangazi wa bwana harusi, mgeni kutoka Mwanza, alikuwa jirani yangu. Msichana aliyeongoza alipopita na sahani, mgeni yule alimshika mkono. “Mwanangu, huyo mliyemtaja mwishoni ni nani?”

“Ni bibi yetu.”

“Bibi wa kwa baba au kwa mama?”

Msichana akafikiri, akawageukia wenzake, nao wakamtazama. “Bibi yetu tu,” akasema. “Sote. Tumemkuta anatajwa.”

Nilishanyanyuka nusu kitini. Maneno yote nilikuwa nayo tayari: kwamba hapana, hakuwa bibi wa mtu, hakuzaa, hakuwa na mjukuu hata mmoja duniani. Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Nikakaa, nikapiga kigelegele.